Sura ya Tano: Jicho Lisiloweza Kungoja

Katika vibanja vya Kamachumu, Nshamba au Kemondo, mkoani Kagera, mzee akianza kulalamika kwamba macho yanafifia, ugonjwa hupewa jina palepale sebuleni. Ni mtoto wa jicho, watu wa nyumbani wanasema. Asubiri akomae, madaktari wa macho wakija watamtoa. Ushauri huo una historia yake. Zamani mtoto wa jicho alitolewa kwa urahisi zaidi lenzi ikiwa imekwisha kuwa nyeupe kabisa, na aliyefanyiwa upasuaji alirudi kijijini akiwatambua wajukuu wake kwa sura. Nani asingeiamini subira baada ya kushuhudia hayo? Leo daktari hahitaji tena kungoja mtoto wa jicho akomae, lakini imani ile imebaki: macho ya uzeeni yakififia, muda upo.

Kwa mtoto wa jicho, anayesubiri hujinyima miaka ya kuona, lakini mara nyingi upasuaji humrudishia nuru hata akichelewa. Upo ugonjwa mwingine ambao hauna msamaha huo. Ni glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho. Sehemu ya uoni iliyoliwa na glakoma hairudi kwa dawa, kwa leza, kwa kisu wala kwa miwani. Tiba zote tulizonazo hulinda kilichobaki tu. Maana yake ni kwamba jicho lenye glakoma huokolewa wakati bado linaona vizuri, wakati mwenye jicho hana sababu yoyote ya kulalamika. Wahenga walituachia methali mbili kuhusu kungoja: subira huvuta heri, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwenye glakoma ni hii ya pili inayosema kweli, na sura hii inaeleza kwa nini.

Maji yanayolishika jicho

Jicho ni tufe lililojaa. Sehemu yake kubwa ya nyuma ina ute mzito kama ule wa yai. Mbele, kati ya konea, yaani kile kioo cha nje, na lenzi iliyo nyuma ya mboni, kuna maji maangavu. Haya si machozi. Machozi huoshea jicho kwa nje na kushukia puani. Maji haya hukaa ndani na hayatoki nje hata mtu alie mchana kutwa.

Kazi ya kwanza ya maji hayo ni kulisha. Konea na lenzi hazina mishipa ya damu, kwa sababu damu ingezuia mwanga, hivyo chakula chake na sehemu ya oksijeni huletwa na maji. Kazi ya pili ni kulijaza jicho hadi liwe gumu kiasi cha kutunza umbo lake. Konea ikibonyea, au retina iliyo nyuma ikikunjamana, mwanga hautui mahali pake na picha inavurugika. Ndiyo maana presha ndogo mno nayo ni hatari: jicho lililotobolewa na kijiti likavuja linaweza kupoteza uoni kwa kulegea.

Maji hutengenezwa na tishu ndogo iliyojificha nyuma ya ule mviringo wenye rangi unaoizunguka mboni. Kila dakika hutoka kama maikrolita 2 hadi 3. Kwa siku nzima hayajai kijiko cha chai. Yanapita katikati ya lenzi na ule mviringo, yanachungulia kwenye mboni, yanaingia chumba cha mbele chenye ujazo wa robo ya mililita hivi, kisha yanaelekea pembeni, kwenye kona ambapo konea inakutana na ule mviringo wenye rangi. Kwenye kona hiyo kuna wavu wa tishu, na nyuma ya wavu kuna mfereji mwembamba unaoyapeleka maji kwenye vena, yarudi katika damu. Sehemu nyingine hupenya polepole kati ya misuli ya ndani ya jicho na kutokea nyuma. Kila saa moja na nusu hadi mbili, maji yote ya chumba cha mbele yanakuwa yamebadilishwa.

Presha ya jicho, basi, huamuliwa na mambo matatu: maji yanayozalishwa, ugumu wa kupita kwenye wavu, na presha ya vena zinazoyapokea. Kwa watu wazima wengi kipimo huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, na wastani ni kama 15. Mwili hufanya kazi kubwa kukitunza kiwango hicho. Chembehai za kwenye wavu zinapovutwa na presha inayopanda hujirekebisha, zikafungua njia zaidi, na usiku uzalishaji wa maji hupungua hadi karibu nusu.

Hata hivyo kipimo hakikai mahali pamoja. Huwa juu zaidi alfajiri kuliko jioni kwa watu wengi. Hupanda mtu akilala chali, akiinamisha kichwa chini kwa muda, au akibana pumzi ili anyanyue mkungu mzito. Kunywa lita nzima ya maji kwa mkupuo hukipandisha kwa muda, kiasi kwamba madaktari wamewahi kulitumia jambo hilo kama kipimo cha uwezo wa wavu. Kahawa nayo hukipandisha kidogo, milimita moja au mbili kwa saa kadhaa, hasa kwa wenye glakoma. Wahaya wanaoitafuna kahawa ya robusta, yenye kafeini nyingi kuliko arabika, hawana haja ya kuogopa punje chache anazopewa mgeni. Mwenye glakoma atosheke na kiasi.

Mabadiliko haya ya saa chache si ugonjwa. Ugonjwa huanza wavu unapochakaa na kuziba kidogo kidogo kwa miaka, huku uzalishaji ukiendelea vilevile. Maji yanayoingia hayapati njia ya kutoka kwa urahisi, presha inapanda, 22, 26, 30, na kwa kuwa inapanda polepole, jicho haliumi, haliwi jekundu, halitoi machozi. Hii ndiyo glakoma ya kona iliyo wazi, aina iliyo nyingi zaidi kwetu.

Aina ya pili ina tabia tofauti kabisa. Kona inajifunga ghafla, na presha inaweza kuruka hadi 50 au zaidi ndani ya saa chache. Jicho linakuwa jekundu na gumu, kichwa kinapasuka kwa maumivu, mtu anatapika, na akitazama taa anaona duara za rangi zimeizunguka. Mvuvi wa dagaa kisiwani Bumbire au Goziba anayeona duara za namna hiyo kuzunguka taa ya mtumbwi huku jicho linauma asingoje kupambazuke. Hiyo ni dharura, na uoni unaweza kupotea ndani ya siku moja au mbili. Kutapika kwake kusimpeleke kwenye dawa ya malaria au ya tumbo huku jicho likisahauliwa.

Mahali neva inapotokea

Presha ikipanda husukuma kila ukuta wa jicho, lakini ukuta wa nje ni mgumu. Mahali dhaifu ni nyuma, pale neva ya macho inapotokea kwenda kwenye ubongo. Neva hiyo imefungwa pamoja na nyuzi zipatazo milioni 1, kila uzi ukibeba habari za kipande chake cha retina. Ili zitoke, ukuta una sehemu yenye matundu mengi kama chekeche, na nyuzi hupenya humo.

Presha inapolikandamiza chekeche hilo kwa miaka, linabonyea kwenda nyuma. Nyuzi zinabanwa kwenye kingo za matundu, chakula kinachosafiri ndani yake kinakwama, na damu ya eneo hilo inapungua. Nyuzi moja moja zinakufa. Neva ya macho haijioteshi upya kama ngozi iliyochubuka, na bado hakuna daktari popote duniani anayeweza kuiotesha. Akichungulia kupitia mboni kwa kifaa chenye taa, mtaalamu huona kishimo kilichopo katikati ya kichwa cha neva kikiwa kimepanuka. Kishimo hicho ndicho ushahidi wa ugonjwa.

Kwa nini mwenyewe hajui? Kwanza, nyuzi zinazokufa mapema kwa kawaida ni za uoni wa pembeni. Uoni wa katikati, ule wa kusoma Biblia au Kurani, kuchambua mchele na kutambua sura, hubaki hadi mwishoni. Pili, macho ni mawili, na pengo la jicho moja huzibwa na jingine. Tatu, ubongo haumwonyeshi mtu pengo jeusi. Hujaza nafasi hiyo kwa kukisia kutokana na yaliyo jirani. Anachogundua ni matukio: amejikwaa kwenye ngazi aliyoizoea, amegonga bega kwenye mlango, bodaboda imetokea kama vile haikuwapo. Watu wanasema ni uzee. Akipimwa kwa lile bango la herufi anasoma hadi mstari wa chini, anaambiwa macho yake ni mazima, naye anarudi nyumbani akiwa na furaha isiyo na msingi.

Bango la herufi hupima katikati tu. Kituo cha afya kinachopima macho kwa bango peke yake hakijaitafuta glakoma.

Kongwa ilivyotuonyesha

Kukisia ukubwa wa tatizo hili Tanzania si lazima, kwa sababu watafiti walikwenda vijijini wakahesabu. Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, inajulikana katika tiba ya macho kwa miaka mingi ya utafiti wa trakoma. Huko huko walipimwa watu 3,268 wenye umri wa miaka 40 na zaidi, na matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Waliokutwa na glakoma walikuwa asilimia 4.16, yaani mtu 1 katika kila 25 hivi. Walio wengi, asilimia 3.1 ya wote waliopimwa, walikuwa na ile aina ya kimya, na karibu wote hawakuwa wamewahi kuambiwa kwamba wanaumwa.

Kagera ina watu karibu milioni 3 kwa sensa ya mwaka 2022. Hata uwiano wa Kongwa ukipunguzwa nusu, wenye ugonjwa huu katika mkoa wetu watakuwa maelfu, na wengi wao asubuhi hii wameamka, wamepalilia, wamekwenda gulioni, hawana habari.

Utafiti umeonyesha pia kwamba watu wenye asili ya Afrika hupata glakoma ya kona wazi mara nyingi zaidi kuliko Wazungu. Uchunguzi wa Baltimore, Marekani, mwaka 1991, ulikuta tofauti ya mara 4 hivi. Kwetu huanza mapema zaidi na hukimbia zaidi. Na hufuata ukoo. Uchunguzi wa Rotterdam, Uholanzi, ulikadiria kwamba ndugu wa karibu wa mgonjwa wana uwezekano wa kuipata maishani wa karibu asilimia 22, wakati kwa wasio na mgonjwa katika familia ni kama asilimia 2. Jambo hili tutalirudia, maana ndilo silaha yetu nafuu kuliko zote.

Kipimo na mitego yake

Mwaka 1905 daktari wa Norway, Hjalmar Schiøtz, alitengeneza chombo kidogo cha chuma kinachowekwa juu ya konea ya mgonjwa aliyelala chali, baada ya kumtilia tone la ganzi. Sindano yake huonyesha konea imebonyea kiasi gani kwa uzito unaojulikana. Hakitumii umeme wala betri, ndiyo maana kimefika hospitali nyingi za Afrika na kudumu. Katika miaka ya 1950, Hans Goldmann wa Bern, Uswisi, alileta kipimo sahihi zaidi kinachosawazisha kieneo kidogo cha konea, nacho kimekuwa rejea ya madaktari hadi leo. Siku hizi kuna vifaa vya kushika mkononi vinavyogusa konea kwa kipini chepesi mno, bila ganzi, na muuguzi aliyefundishwa anaweza kuvitumia.

Mitego ipo mitatu. Wa kwanza: mtu akipimwa presha ya damu mkononi akaambiwa iko sawa, anadhani na ya macho iko sawa. Hizi ni presha mbili, zinapimwa mbali mbali, na dawa ya moja si tiba ya nyingine. Wa pili: konea nyembamba hukidanganya kipimo, kikasoma chini ya ukweli, na konea za watu wenye asili ya Afrika kwa wastani ni nyembamba zaidi. Wa tatu ni mkubwa kuliko hiyo miwili. Karibu nusu ya wenye glakoma, wakipimwa mara moja tu, hukutwa chini ya 21, ama kwa sababu presha yao ilikuwa chini saa ile, ama kwa sababu neva zao ni dhaifu na huumia hata kwa presha ambayo mwingine angeivumilia. Wako pia wenye 25 ambao neva zao hazijaguswa. Kwa hiyo namba peke yake haitoshi. Neva lazima itazamwe, na inapowezekana upana wa uoni upimwe.

Chupa ndogo ya duka la dawa

Kuna glakoma inayotengenezwa na sisi wenyewe. Watoto wengi wa Afrika Mashariki wana mzio wa macho: wanayasugua, yanakuwa mekundu, yanatoa ute unaovutika. Mzazi anakwenda duka la dawa muhimu, anapewa matone yenye steroidi kama dexamethasone au betamethasone, na kesho yake mtoto ameacha kujikuna. Chupa ikiisha inanunuliwa nyingine. Hakuna aliyemwambia mama kwamba steroidi huziba ule wavu. Takriban mtu 1 kati ya 3 presha yake ya jicho hupanda akitumia matone haya kwa wiki kadhaa, na kwa baadhi hupanda sana. Mtoto haumwi, mwalimu haoni kitu, na kijana wa miaka 16 anafika hospitali neva zikiwa zimekwisha kufa.

Dawa hizi zina kazi yake, na daktari wa macho huziandika kila siku, lakini kwa muda maalumu na kwa kupima presha katikati. Mzazi asome jina kwenye chupa. Likiwa na dexamethasone, betamethasone au prednisolone, asirudie kuinunua bila mtoto kupimwa.

Matone, leza na safari

Dawa ya kwanza kuthibitika dhidi ya glakoma ilitoka Afrika, kwenye mharage wa sumu wa Calabar, katika Nigeria ya leo. Mwaka 1876 Ludwig Laqueur, daktari aliyekuwa na glakoma mwenyewe, alieleza kwamba dawa iliyotokana na mharage huo ilishusha presha ya jicho. Tangu hapo lengo halijabadilika: kushusha presha hadi neva ipumue. Na kushusha kunasaidia kweli. Katika utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2002, watu wenye presha ya juu ambao neva zao zilikuwa bado nzima waligawanywa makundi mawili. Baada ya miaka 5, asilimia 9.5 ya wasiopewa matone walikuwa wamepata glakoma. Waliopewa, asilimia 4.4.

Matone yanayotumika sana kwetu ni timolol, yanayopunguza uzalishaji wa maji. Yanaweza kumbana pumzi mwenye pumu na kupunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo mwenye pumu lazima aseme kabla hajaandikiwa. Latanoprost hufungua zaidi njia ya nyuma, hutiwa mara moja kwa siku jioni, lakini chupa ambayo haijafunguliwa inataka jokofu. Kwa tone lolote, fumba jicho na ubonyeze kona ya karibu na pua kwa dakika 2, ili dawa ibaki jichoni isiteremkie puani na kuingia mwilini.

Ugumu wa matone ni kwamba ni ya maisha. Mkulima anayetegemea msimu wa kahawa anatakiwa anunue chupa kila mwezi kwa ajili ya jicho lisilomuuma, na baada ya mwaka wa kununua haoni vizuri zaidi kuliko alipoanza. Anaacha. Wanaomwona huiita hali hiyo uzembe, na hawamtendei haki: mara nyingi hakuna aliyekaa naye akamweleza kwamba dawa inafaulu pale uoni unapobaki kama ulivyo.

Hapa ndipo matokeo ya Moshi yanapotupa matumaini. Katika hospitali ya KCMC, Heiko Philippin na wenzake waliwagawa kwa kura wagonjwa 201 wa glakoma: nusu wapewe timolol, nusu wapigwe leza kwenye ule wavu, tiba ya dakika chache isiyohitaji kulazwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la The Lancet Global Health. Baada ya mwaka mmoja, macho yaliyofikia kiwango cha presha kilicholengwa yalikuwa asilimia 61 kwa leza na asilimia 31 kwa timolol. Baadhi ya macho yalihitaji leza kurudiwa, na si yote yaliyofaulu. Lakini wagonjwa hawa ni Watanzania, wengi ugonjwa wao ulikuwa umekwenda mbali, na leza ilifanya vizuri kuliko chupa ya kila mwezi. Pale leza na matone yanaposhindwa kuna upasuaji wa kufungua njia mpya ya maji, uliotangazwa na John Cairns wa Uingereza mwaka 1968 na unaofanywa hadi leo.

Sasa ipime safari. Wilaya ya Muleba ina hospitali kongwe za Rubya na Kagondo za Kanisa Katoliki na Ndolage ya Kanisa la Kilutheri (KKKT). Bukoba kuna hospitali ya rufaa ya mkoa. Zaidi ya hapo ni hospitali ya Bugando, Mwanza: usiku mzima kwa meli, au siku nzima ya basi kupitia Biharamulo na Geita, ingawa daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limeondoa foleni ya kivuko. Mtu wa kisiwa cha Ikuza anaanza kwa mtumbwi kabla hajaiona barabara. Tiba inayomtaka arudi kila mwezi itamshinda. Tiba inayofanyika mara moja, kisha akafuatiliwa karibu na nyumbani, ataiweza. Kipimo cha presha na mtu aliyefundishwa kutazama neva viwepo katika kila hospitali ya wilaya, na leza iwe mahali ambapo mgonjwa wa Muleba anaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Anzeni na ndugu

Kupima kila mtu mkoani ni kazi kubwa. Kupima ndugu wa wagonjwa wanaojulikana kunawezekana kuanzia leo. Kila aliyeambiwa ana glakoma awaite ndugu zake wa tumbo moja na watoto wake waliofika miaka 40, akawapeleke wakapimwe hata kama wanasoma gazeti bila miwani. Desemba, waliotawanyika Dar es Salaam, Mwanza na Kampala wanaporudi Kagera kwa Krismasi, ukoo unakuwa pamoja; asubuhi moja ya likizo hiyo inatosha.

Mkifika, ulizeni mambo matatu. Presha ya jicho langu la kulia ni ngapi, na la kushoto ni ngapi? Je, neva imetazamwa, na kishimo chake kikoje? Nirudi lini? Majibu yaandikwe kwenye kadi, kadi itunzwe pamoja na cheti cha bima. Namba ya mwaka huu ndiyo itakayomwonyesha daktari wa mwaka 2035 kama jicho limesimama au linakwenda, na daktari huyo akikuta uoni wako haujapungua, tiba itakuwa imefanya kazi yake yote.